Magoti ya Mke Wangu na Gari la Rangi ya Maziwa

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, shida ilianza kwetu Samuye. Mvua ilikataa, ng'ombe wa baba wakafa mmoja baada ya mwingine mpaka zizi likabaki na samadi tu. Kitu cha maana tulichobaki nacho kilikuwa baiskeli. Nyeusi, nzito, ina kengele na karia ya chuma nyuma. Kwa baiskeli hiyo baba alikuwa anakwenda kufanya kibarua kwenye ghala la pamba, anatoka alfajiri, jioni anarudi na unga kwenye karia. Ukitaka kujua nani alikuwa anatulisha mwaka ule, ni baiskeli.

Siku moja alinipakia nikaenda naye. Tulipofika akaiegemeza ukutani, upande wa kivuli, akaniambia nikae pale na nisiondoke mpaka atoke. Watu walikuwa wengi, mikokoteni ya ng'ombe imejaa magunia, wengine wamepanga foleni, wengine wanagombania foleni hiyo hiyo. Nikakaa. Nikakaa mpaka kivuli kikahama. Halafu nikasikia ngoma nyuma ya ghala. Wacheza nyoka walikuwa wamekuja, na mimi nyoka anayechezeshwa nilikuwa nimesikia habari zake tu. Nikaenda kuchungulia. Sikukaa hata muda wa kumaliza kipande cha muhogo.

Niliporudi, mkokoteni ulikuwa juu ya baiskeli. Ng'ombe walikuwa wameshtushwa na ngoma, wakarudi kinyumenyume na mzigo wote. Gurudumu la mbele limekunjika kama kikapu, fremu imepinda. Mwenye mkokoteni alikuwa ameshika kichwa, naye maskini kama sisi, hata kumdai ungemdai nini.

Baba akatoka. Akaiangalia baiskeli, akaniangalia mimi. Nikajikunja nikisubiri kofi. Akaniuliza, "Umeumia?" Nikasema hapana. Akaibeba begani, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Tangu siku hiyo baba alitembea. Kwa miguu alikuwa anafika ghalani jua limeshapanda, na baada ya wiki mbili wakampa kazi mtu mwingine. Mimi nikaacha shule nikiwa darasa la tatu, nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu. Elimu yangu iliishia hapo. Haya ninayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na binti yangu wa mwisho ambaye ni mwalimu ananionyesha mahali pa kuweka nukta. Maneno ni yangu.

Nimeanza na baiskeli kwa sababu watu wa Segese, ninakoishi sasa, wanacheka habari za gari langu. Wanasema ni majivuno. Ni kweli, ninajivuna, sikatai. Mtu aliyechunga ng'ombe wa watu bila viatu akinunua gari asijivune, huyo ana kasoro. Lakini ule woga wa kuacha kitu mahali pa watu wengi haukuja na gari. Nilikuwa nao tangu pale ghalani.

Sasa mke wangu. Nilimkuta machimboni, upande wa Geita, nikiwa kijana ninayeshuka duarani kwa kamba. Duara ni shimo la dhahabu, kwa asiyejua. Siku zile karasha hazijafika, hizi mashine zinazosaga mawe, kwa hiyo mawe yaliyopanda juu yalipondwa kwa nyundo, na waponda wengi walikuwa wanawake. Yeye alikuwa anapiga magoti juu ya gunia lililokunjwa mara mbili, jiwe kubwa mbele yake, nyundo mkononi, kitambaa mdomoni kwa ajili ya vumbi. Anaponda mpaka jiwe linakuwa unga. Wenzake walikuwa wanakaa chini na kunyoosha miguu, yeye alisema akikaa nyundo haina nguvu. Nilimpenda kwa sababu ya kazi yake. Ukweli ni huo, sikuangalia sura kwanza. Sura niliiona baadaye alipofungua kitambaa, nikaona nayo ni nzuri, nikashukuru.

Tulioana. Miaka kumi na moja mimi nilishuka chini, yeye akaponda nilichopandisha. Watoto wanne walilala kwenye kanga pembeni ya gunia lile. Na ile siku ambayo duara letu lilitema dhahabu, mawe yaliyotupa mtaji yalipondwa na yeye, kwa magoti yale. Mimi nilikuwa nimelala na homa. Tulitoka machimboni tukahamia Segese, tukaweka mashine ya kukoboa mpunga, kisha ya pili. Tukajenga. Tukasomesha. Nikanunua ng'ombe nikawapeleka Samuye kwa mdogo wangu, ili zizi la baba lisiwe na samadi ya zamani tu.

Gari nilinunua nikiwa na miaka hamsini na minne. Lilitoka Japani, likashuka bandarini Dar es Salaam, dereva akaniletea mpaka nyumbani. Milango mitano, refu, rangi ya maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Mke wangu alitoka jikoni, akalizunguka mara moja, akaligusa kwa mgongo wa mkono kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. Nikamfungulia mlango wa kushoto. Akaingia, akakaa mbele pale na mikono yake mapajani.

Akauliza, "Hiki kiti ni cha nani?"

Nikamwambia, "Cha kwako."

Akasema, "Basi usiweke mzigo hapa."

Sikuwahi kuweka mzigo pale. Lakini makosa mengine nilifanya, na ndiyo ninayotaka kuyasema.

Kosa la kwanza lilikuwa magodoro. Pale Segese siku ya gulio hakuna mstari wa kuegesha. Bodaboda zinapita katikati ya magari, mkokoteni unapita katikati ya bodaboda, mbuzi wanapita popote. Ndani ya mwezi mmoja nikakuta alama ndogo kwenye mlango wa nyuma, ndogo kama ukucha, nikakosa hamu ya kula. Nikachukua godoro kuukuu, nikalikata vipande, nikavitoboa na kuvifunga kamba. Kila nikiegesha, ninavishusha kutoka juu, kimoja kila mlango wa pembeni, kimoja mbele, kimoja nyuma. Watu wakaja kuangalia. Muuza vitunguu mmoja akasema, "Ngosha kalivika gari nepi." Ngosha ndivyo wanavyotuita wanaume wa Kisukuma. Jina likakaa. Hata leo wapo wanaouliza mtoto wa mzee hajambo, wakimaanisha gari. Ninawajibu hajambo, ananyonya vizuri. Nani ataona haya kwa kitu alichokitolea jasho?

Kosa la pili ni la miiba, na hili mke wangu hulihadithia yeye, kwa sababu mimi likisimuliwa ninatoka nje.

Vipande vya godoro viliibwa. Si vyote, lakini viwili vilikwenda, nadhani mtu alienda kulalia. Nikafikiri, sisi kwetu kitu cha thamani tunakilinda kwa nini? Kwa boma la miiba. Ng'ombe mia wanalala salama nyuma ya matawi ya mgunga. Basi siku ya mnada wa mifugo nikapita porini asubuhi, nikakata matawi ya mgunga, nikayafunga juu ya gari. Nilipofika mnadani na mke wangu nikaegesha pembeni, nikalizungushia gari matawi pande zote, nikarudi nyuma nikaliangalia. Lilipendeza. Hakuna mtu angeegemea pale, hakuna mkokoteni ungesogea. Nikaenda kuangalia madume na moyo wangu mweupe.

Mimi nimechunga tangu nina miaka kumi na miwili. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba boma linafungwa kwa miiba mikavu. Mimi nilikata mibichi, yenye majani mororo na maganda ya mbegu yananing'inia. Kama kuna chakula ambacho mbuzi angeacha harusi yake akifuate, ni kile.

Nilisikia vicheko kabla sijaona. Mbuzi walikuwa hawahesabiki. Walikuwa wameshamaliza upande wa chini, na sasa mmoja, beberu mwekundu mwenye ndevu, alikuwa amepanda juu ya boneti anavuta tawi lililoegemea kioo. Amesimama pale kama mwenyekiti wa kijiji. Mke wangu alikuwa chini ya turubai la muuza chai, anacheka mpaka ameinamisha kichwa mezani, machozi yanamtoka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu machimboni. Kwato ziliacha alama tatu kwenye boneti. Nilikasirika siku nne. Siku ya tano nikamsikia jikoni anacheka peke yake, na hasira ikaniishia bila mimi kutaka.

Kosa la tatu halichekeshi. Baada ya mbuzi niliamua gari halitakaa tena karibu na watu. Nikawa ninaegesha mbali. Siku ya gulio, nje ya maduka ya mwisho, kwenye uwanja mtupu. Kanisani, kule ng'ambo ya shule ambako hakuna anayepita. Watu ninawaona kwa mbali kama mchwa, ninazima moto wa gari, ninashuka na moyo umetulia. Halafu tunatembea, mimi mbele, yeye nyuma.

Mke wangu si msemaji. Nilianza kuona anapika amekaa, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Nikaona anapanda ngazi mbili za baraza letu kwa kushika ukuta. Nikamtengenezea fimbo ya mninga, na kwa kuwa ncha ya mti inaisha haraka, nikaivalisha kipande cha chuma kilichokatwa kwenye mtaimbo wangu wa machimboni. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Mtu unampa fimbo ya kutembelea, halafu unamwongezea mwendo wa kutembea, na bado unajiona mwema.

Tukaenda hospitali Kahama. Daktari alikuwa kijana, ana heshima, alitusalimia shikamoo kila mmoja kwa zamu yake. Akayabonyeza magoti, akatazama picha, akasema yamelika ndani kwa sababu ya kazi ya zamani. Akamkataza kupiga magoti, akamkataza mwendo mrefu. Halafu akauliza kama tumekuja na usafiri, maana leo asitembee.

Mke wangu akajibu, "Tuna gari, mwanangu. Liko mbali kidogo."

Alisema bila ubaya wowote. Daktari akanitazama, mimi nikatazama dirisha.

Gari lilikuwa nyuma ya maghala ya nafaka, na asubuhi tulikuwa tumetumia muda mrefu kutembea kutoka pale mpaka hospitali. Tukaanza kutembea. Alipofika kwa mama lishe mmoja njiani akaomba kukaa kwenye benchi lake. Nikamwambia akae, ninakwenda kulileta gari. Nilikuwa nimeamua kweli. Nikafika, nikaingia, nikawasha. Kisha nikaitazama ile njia ya kurudi hospitali. Bajaji zimebanana, lori linashusha saruji, mtu anasukuma toroli la vyuma vilivyotokeza pande zote mbili. Nikasema ngoja kwanza hilo toroli lipite. Likapita. Nikasema ngoja lori limalize. Nikazima moto lisile mafuta bure. Nikakaa pale, mikono kwenye usukani, mtu mzima wa miaka zaidi ya sitini, ninaogopa toroli.

Nikiwa bado nangoja, bodaboda ikasimama ubavuni. Mke wangu kaketi upande nyuma yake, fimbo kaishika juu kama bendera. Yule dereva akasema, "Shikamoo mzee. Nimekuletea mama." Nikaitika marahaba. Akamsaidia kushuka taratibu, akamshika kiwiko, akamuuliza kama ameshasimama vizuri kabla hajamwachia. Mimi hayo yote nikayaangalia kwa kioo cha pembeni.

Tulirudi Segese. Jioni, jua bado halijazama, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, mimi niko karibu yake ninajifanya kutengeneza redio.

Akasema, "Baba, gari lako ninalipenda. Lakini sitapanda tena."

Nikamuuliza kwa nini, na jibu ninalijua.

"Bodaboda inanishusha mlangoni."

Akaendelea kuchambua mchele. Hakukunja uso. Kama angenitukana ningejua la kufanya, maana matusi tumeyazoea sisi watu wa machimbo. Lile neno moja nililala nalo.

Kuanzia masika mpaka mavuno hakupanda gari langu. Alikuwa na bodaboda wake, kijana mmoja anayeimba kwaya, anakuja kumchukua Jumapili na siku za gulio. Na mimi? Nilimfuata nyuma. Sikuweza kubaki nyumbani. Bodaboda inakwenda polepole kwa heshima ya magoti, mimi ninakwenda polepole nyuma yake na gari tupu, kile kiti cha kushoto hakina mtu. Watu wa Segese wakapata sikukuu. Wakaniuliza huo msafara ni wa waziri gani. Mmoja akaniambia nisiwe na wasiwasi, mke amepakiwa vizuri. Nilimjibu maneno ambayo binti yangu amekataa yaandikwe hapa.

Yeye anashushwa mlangoni, anaingia. Mimi ninakwenda ng'ambo ya shule, ninaegesha, ninarudi kwa miguu. Peke yangu sasa. Na ukitembea peke yako unaiona njia. Kuna mteremko pale wenye changarawe zinazoteleza. Kuna mtaro, umewekewa ubao mmoja. Nilikuwa ninapita mbele kila mara, sikuwahi kugeuka kutazama anavyouvuka ule ubao. Jumapili moja nilisimama juu yake, nikapiga hesabu ni mara ngapi ameuvuka na fimbo, nikaona aibu mchana kweupe. Kanisa lilikuwa limeshaanza. Sikuingia, nilikaa nje ukutani mpaka likaisha.

Hata hivyo sikubadilika siku hiyo. Ninasema ukweli. Kuona aibu ni jambo moja, na kulipeleka gari katikati ya mikokoteni ni jambo jingine.

Kisha binti yetu wa mwisho, huyu mwalimu, akapata mchumba Masumbwe anakofundisha, na harusi ikapangwa huko huko. Kutoka Segese mpaka Masumbwe si mwendo wa bodaboda kwa mwanamke mwenye magoti yale. Binti akanipigia simu akaniuliza mama atakuja na nini. Nikasema nitamleta. Akauliza kama mama anajua. Nikakata simu.

Mke wangu alikuwa ameshaulizia basi. Alikuwa amepanga kulala njiani kwa dada yake ili apumzishe miguu, kisha atafute bajaji kutoka stendi. Alikuwa amepanga kila kitu, mimi simo.

Nikamfuata barazani. Nikamwambia, "Mama, twende wote na gari."

Akaniangalia vizuri. "Utaniteremsha wapi?"

Miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kuniuliza swali gumu namna hiyo. Nikasema, "Mlangoni."

"Mlango upi?"

"Wa nyumba yenye harusi."

"Kutakuwa na watu."

"Najua."

Akasema nimletee kile kitenge cha kijani, ajaribu kama bado kinamtosha. Hivyo ndivyo alivyokubali.

Tulifika Masumbwe mchana. Nyumba ilionekana kwa mbali kwa sababu ya turubai na kwa sababu ya watu. Kulikuwa na pikapu ya tarumbeta, bodaboda zinazunguka na maua kwenye vioo, wanaume wamebeba viti vya plastiki vichwani, wanawake na masufuria ambayo yangetosha kumwogeshea ndama. Kwenye kona akatokea mtu wa kamati, kavaa beji kifuani, akanisimamisha kwa adabu. "Shikamoo mzee. Magari ya wageni ni kule kiwanjani. Kuna nafasi, kuna kivuli, na tumeweka mlinzi."

Nikageuza shingo. Uwanja ulikuwa mpana, nyasi zimefyekwa, magari sita yamepangwa, kila moja mbali na mwenzake. Mlinzi amekaa kwenye kiti na rungu mapajani. Nimeegesha sehemu nyingi, na pazuri kuliko pale sijapaona. Mke wangu alikuwa anatazama mbele, mikono mapajani kama siku ile ya kwanza.

Nikamwambia yule mtu, "Ni pazuri sana. Lakini mimi nina ahadi."

Nikaingia. Watu wakapisha, wasipopisha ninangoja, halafu ninasogea tena hatua moja. Nilisikia kiti cha plastiki kinagusa mlango wa nyuma. Nilisikia viganja vya watoto vinapiga ubavuni, vikifuata tarumbeta. Sufuria moja ilikwaruza mahali fulani, sauti ile niliisikia kwenye meno. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alijipa kazi ya kuniongoza, anatembea kinyumenyume mbele ya boneti na kupunga mikono, "Njoo, njoo, kata kidogo, njoo," mpaka nikafika mahali ambapo nisingeweza kusogea tena bila kuingia sebuleni. Nikazima moto. Kutoka mlango wa gari mpaka mlango wa nyumba ni hatua nne. Baadaye nilizipima.

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikashuka, nikazunguka, nikamfungulia. Akatoa mguu mmoja, akatoa fimbo. Akaegemea. Ile ncha ya chuma niliyoitengeneza mwenyewe ikateleza kwenye ukingo wa gari, yeye akayumba, nikamdaka begani, na fimbo ikateremka kwenye mlango kutoka karibu na kitasa mpaka chini. Ikachora mstari mrefu, rangi ikatoka, bati likaonekana.

Vigelegele vikafa. Wale walionijua, na walikuwepo wengi kutoka Segese, wakawa wananitazama mimi, si yeye. Naye alikuwa anautazama ule mstari. Nilikuwa nimemshika, nikasikia mwili wake umekaza kama mtu anayesubiri kofi. Sijawahi kumpiga mke wangu. Lakini nilikujua kukaza kule.

Nikamuuliza, "Umeumia?"

Akanitazama. Alikuwa anaijua habari ya baiskeli, nilimsimulia zamani tukiwa bado machimboni. "Hapana," akasema. "Gari lako ndilo limeumia."

"Gari halina magoti. Twende, binti anakusubiri."

Hatua nne, nikamfikisha ndani. Alikaa kiti cha mama wa bibi harusi, mbele kabisa, na alipocheza alicheza amekaa, kwa mabega tu, fimbo ameiweka mapajani. Mimi nilikaa nje karibu na gari, si kwa kulilinda. Lilikuwa limeshaegemewa na wapiga tarumbeta wawili, na mtu mmoja ameweka soda yake juu ya boneti, pale pale penye kwato za yule mbuzi. Nilimwambia aninunulie na mimi moja.

Fundi wa rangi wa Kahama ameniambia mara tatu kwamba ule mstari ni kazi ya nusu siku, hautaonekana. Ninamwambia nitakuja. Siendi. Siku hizi ninaegesha mlangoni, kanisani na gulioni, na nikimaliza kumteremsha ninaliacha hapo hapo. Alama zimeongezeka, sizihesabu. Bado kila jioni ninaliosha mwenyewe, na asidhani mtu kwamba nimeacha kulipenda.

Nina miaka sitini na mitatu. Mali yangu leo ni hii.

Nyumba moja Segese, vyumba sita, bati jipya, ngazi za baraza nimezivunja na kuweka mteremko.

Mashine mbili za kukoboa mpunga. Moja inafanya kazi, nyingine inasubiri kifaa.

Ng'ombe thelathini na mmoja, Samuye, kwa mdogo wangu.

Shamba la mpunga, na lingine la mahindi ambalo halizai vizuri.

Vipande vya godoro vinne. Viwili mke wangu amevishonea kitambaa, anavikalia kanisani.

Fremu ya baiskeli, imepinda, ipo ukutani kwenye stoo.

Gari moja la rangi ya maziwa, lina mstari mlango wa kushoto. Kiti cha upande huo si changu.